Kuchapa fulana na kufundisha usanifu kusini: panga mwaka kwanza

Anayechapa kwa skrini, yaani fremu yenye wavu unaopitisha wino, Mtwara au Lindi huku akifundisha usanifu wa michoro hubanwa zaidi kuanzia Oktoba hadi Desemba. Korosho zinaingia mnadani, fedha inazunguka, na oda za fulana, vifungashio na mabango zinamiminika. Novemba hiyo hiyo kidato cha nne wako kwenye mitihani ya taifa, na mvua nazo zinakaribia.

Kwa hiyo ubunifu ufanywe Juni hadi Agosti, wakati wa baridi na ukavu. Andaa sampuli, bei na rangi zake. Msimu ukifika, mteja achague na wewe uchape. Kubuni upya katikati ya kusahihisha mitihani huharibu kazi zote mbili.

Unyevu usiuchukulie kirahisi. Emalshani, ile dawa ya kunasa mchoro kwenye skrini, ikiwa bado mbichi ndani haikazi hata ukiianika juani muda mrefu. Ukiosha inabanduka vipande vipande. Paka mkono mmoja kila upande, laza fremu gizani, upande unaogusa fulana ukiangalia chini, washa feni na uiache hadi ikauke kabisa. Siku za mvua, iachie usiku kucha.

Hapa ndipo darasa na karakana vinasaidiana vizuri. Jaribio la mwanga, la kujua skrini ikae juani muda gani, unalihitaji kwa kila chupa mpya ya dawa, basi lifanye kipindi. Chukua fremu iliyopakwa dawa na kukauka, yenye wavu wa nyuzi 43 kwa sentimita, unaofaa fulana. Juu yake weka filamu, plastiki angavu yenye mchoro mweusi, iliyo na vipande 8 vinavyofanana, kila kimoja kikiwa na mistari ya milimita 0.5, 1 na 2, kisha kioo. Funika kwa kadibodi, uache kipande cha kwanza tu, na kila sekunde 30 ufunue kingine. Cha kwanza kitapata dakika 4, cha mwisho nusu dakika.

Osheni kwa maji ya kawaida. Palipopata mwanga mchache dawa inateleza na kutoka; palipozidi, mstari mwembamba umeziba. Kipande kinachofaa ni kile ambacho mstari mwembamba umefunguka na dawa haitelezi ukiigusa kwa ndani. Mistari ikiziba kwenye vipande vyote, kagua filamu: huenda weusi wake ni hafifu na mwanga unapenya. Wanafunzi waandike muda, saa na hali ya mawingu. Kipimo cha Julai kisitumike Oktoba, kwani Oktoba jua la adhuhuri Mtwara liko karibu na utosi na lina nguvu zaidi.

Kwa somo la mpangilio, kanga inatosha: pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yake), sehemu tatu ambazo kila mwanafunzi ameziona nyumbani. Wapunguze mji au wahamishe jina, uzani wa mchoro mzima utabadilika mbele ya macho yao.

Mpaka mmoja tunausisitiza sana: oda ya mteja si zoezi la darasa. Mwanafunzi akishika skwiji, kile kifaa cha kusukumia wino, kwenye kazi ya kulipwa, alipwe. Wino na fremu za shule zibaki shule. Omba ruhusa ya mwajiri kwa maandishi, na mkubaliane mapema michoro unayobuni nje ya vipindi ni ya nani. Kazi ya mteja ukitaka kuionyesha darasani, subiri aichukue kwanza, kisha ondoa jina na nembo yake.