Maswali ya Wasomaji: Mgombea Udiwani Ameahidi, Lakini Jambo Hilo Linaamuliwa Wapi?

Barua zilizotufikia mwezi huu kutoka kata mbalimbali za Jiji la Dodoma zinahusu jambo moja, nalo ni maneno ya wagombea udiwani majukwaani. Tumechagua nne. Majina ya waandishi tumeyahifadhi kwa ombi lao, na majina ya wagombea tumeyaondoa kwa sababu kinachojadiliwa hapa ni hoja zao.

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto wanne, mkazi wa Nkuhungu. Nimehudhuria mikutano ya wagombea wawili wa kata yetu. Wote wamesema maji yatatoka kila siku, na wote wamesema barabara ya kwenda shuleni itawekwa lami. Kwetu maji ni ya mgao. Huamka saa tisa usiku kukinga, na yasipotoka hununua kwa dumu. Ikiwa maneno yao ni yaleyale, nimchague yupi?

Jibu: Pole sana, mama. Anayelala huku sikio likisubiri bomba likohoe hastahili kujibiwa kwa maneno mepesi, kwa hiyo tutaeleza kwa kirefu.

Ahadi zote mbili ulizozisikia zinahusu mambo ambayo diwani hana sahihi ya mwisho juu yake. Maji ya Dodoma yako chini ya DUWASA, mamlaka inayowajibika kwa Wizara ya Maji, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya maji hayo imetoka katika visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora. Visima hivyo vilitosheleza mji mdogo kuliko huu wa leo: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu hapa watu 410,956, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu watu 765,179. Ndiyo maana serikali imekuwa ikizungumzia bwawa la Farkwa wilayani Chemba na kuyaleta maji ya Ziwa Victoria, miradi ambayo fedha zake hupangwa katika bajeti ya taifa. Barabara za mitaa nazo, tangu mwaka 2017, ziko mikononi mwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na barabara kuu ziko kwa TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, ikiwemo ile ya mzunguko wa nje yenye kilomita 112.3. Mgombea anayesema "nitaleta lami" bila kuitaja TARURA ama hajui mahali jambo linapoamuliwa, ama anajua na ameona ni afadhali wewe usijue. Hali zote mbili zinatusikitisha.

Hata hivyo, hatusemi kwamba diwani hana la kufanya. Yeye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambamo wenyeviti wa mitaa yote hukutana, na vipaumbele vya kata hupita hapo kabla ya kupanda kwenda halmashauri. Katika Baraza la Madiwani anaweza kuuliza swali, kuwasilisha hoja, na kudai maelezo ya watendaji wa TARURA na DUWASA kuhusu ratiba ya mgao na orodha ya barabara za mwaka. Diwani anayefuatilia hujua kwamba mwaka wa fedha huanza Julai 1, na kwamba bajeti ya halmashauri hujadiliwa miezi kadhaa kabla ya hapo. Anayekwenda kuombea barabara mwezi wa Juni hukuta karatasi zimekwisha kufungwa.

Kwa hiyo, mama, rudi kwenye mikutano hiyo na uwaulize wote wawili swali moja: "Barabara yetu ya shule imo katika mpango wa TARURA wa mwaka huu au haimo, na kama haimo, utaiingiza kwa njia gani?" Mmoja ataanza kuhutubia upya. Mwingine huenda akakueleza alichokiona alipokwenda kuuliza, au akakiri kwamba hajauliza na atakwenda kesho. Huyo wa pili, hata akikupa jibu chungu, anaijua kazi anayoiomba.

Swali: Mhariri, nauza mboga na matunda pembeni ya Soko la Majengo. Mgombea mmoja anasema akipita atafuta ushuru wote wa wafanyabiashara wadogo. Mwenzake anasema ushuru ubaki ila tujengewe vibanda na choo, na sisi akina mama tupewe mikopo ya halmashauri. Wengi hapa sokoni tunampenda wa kwanza. Tunakosea?

Jibu: Hamkosei kutamani kupunguziwa mzigo, dada. Mtu anayefungua kikapu saa kumi na mbili asubuhi na kutoa ushuru kabla hajauza hata fungu moja la mchicha ana haki ya kuuliza fedha hiyo inakwenda wapi.

Jambo hili, tofauti na lile la maji, lipo kweli ndani ya uwezo wa halmashauri. Ushuru wa soko hutozwa kwa sheria ndogo, na sheria ndogo hupitishwa na Baraza la Madiwani kisha hupelekwa kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa ili aidhinishe. Diwani mmoja hawezi kufuta ushuru kwa kauli yake. Anahitaji kura za wenzake, na wenzake watamuuliza fedha ya kuzoa taka na kusafisha soko itatoka wapi. Kama mgombea wenu wa kwanza hana jibu la swali hilo, hoja yake haitavuka mlango wa ukumbi, na hilo tunalisema tukijua kwamba linawavunja moyo.

Hoja ya mgombea wa pili ina mahali pa kushika. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro katika utoaji na urejeshaji, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kasoro zenyewe hazikuwa siri: kulikuwa na vikundi hewa, na fedha nyingi hazikurudi. Hapa ndipo msimamo wa mgombea unapopimika. Muulizeni kama atakubali orodha ya vikundi vya kata yenu vilivyopata mkopo ibandikwe ofisini kwa mtendaji wa kata, ili kila mtu asome nani amepewa na amerejesha kiasi gani. Akikubali mbele ya watu, andikeni tarehe.

Kuhusu choo cha soko hatuna la kuongeza. Wanawake wanaokaa sokoni kuanzia alfajiri hadi jioni wanakihitaji, na mgombea yeyote asiyekitaja hajawahi kukaa nanyi.

Swali: Kwa nini hatumpigii kura Meya wa Jiji letu moja kwa moja?

Jibu: Kwa sababu sheria ya mamlaka za miji inasema meya huchaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao. Jiji lina kata 41, na madiwani wa kata hizo, pamoja na wa viti maalum na wabunge waliomo barazani, ndio humpigia kura. Naibu meya huchaguliwa kila mwaka. Mkurugenzi wa Jiji, ambaye ndiye mtendaji mkuu, huteuliwa na Rais. Unapomchagua diwani wako unakuwa umechagua pia mpiga kura wa meya, na si kosa kumuuliza mapema atamuunga mkono mtu wa namna gani.

Swali: Mbukwa, Mhariri. Mimi ni mzee wa miaka 71, nina shamba la zabibu upande wa mashariki wa jiji nililoachiwa na baba. Walikuja vijana wa kampuni moja ya upimaji, wakachomeka bikoni katikati ya mizabibu yangu, wakasema eneo ni la viwanja. Sasa wagombea watatu wamepita. Wa kwanza anasema hakuna kupima hadi fidia ilipwe. Wa pili anasema sote turasimishiwe na kila mtu apate hati. Wa tatu anasema dawa ni kuirudisha CDA. Nani anasema kweli?

Jibu: Mbukwa, mzee wetu, na shikamoo. Barua yako tumeisoma zaidi ya mara moja. Mzabibu hauhamishwi kama kitanda. Mtu aliyeupogoa, akaufunga kwenye waya na kuuvuna mwaka baada ya mwaka anajua kwamba bikoni iliyochomekwa pale imegusa zaidi ya udongo.

Tuanze na wa tatu. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wengi tunaiita CDA, iliundwa mwaka 1973 serikali ilipoamua kuhamia Dodoma, ikavunjwa mwaka 2017 na kazi zake zikahamishiwa kwenye halmashauri. Kuivunja au kuirudisha ni uamuzi wa Rais, na hakuna diwani mwenye uwezo huo. Isitoshe, wewe kwa umri wako unakumbuka malalamiko ya wakati ule, bomoabomoa na hati za miaka 33 ambazo watu walizilalamikia hadi zikaahidiwa kuwa za miaka 99. Kwa maoni yetu, mgombea huyu anakuuzia kumbukumbu.

Wa pili anasema jambo jema kwa haraka mno. Urasimishaji unawafaa watu ambao nyumba zao zimekwisha kusimama bila kupimwa. Shamba lako bado ni shamba, na likikatwa viwanja suala la kwanza ni viwanja vingapi vinabaki kwako, vingapi vinakwenda kwa aliyepima, na nani alikubali mgawano huo. Je, wewe ulisaini? Kama hukusaini, mkutano wa mtaa uliitishwa, na muhtasari wake upo? Mgombea anayeahidi hati kwa kila mtu bila kugusa maswali haya ameanzia mwisho.

Wa kwanza ndiye aliye karibu zaidi na sheria, ingawa naye amekosea mpangilio. Kupima na kuthamini hutangulia, kwa sababu fidia haiwezi kujulikana kabla mthamini hajahesabu ardhi, mizabibu, nguzo, waya na kisima kama kipo, pamoja na posho ya usumbufu. Kinachokatazwa ni kukuondoa, au kuwagawia wengine, kabla hujalipwa. Sheria ya uthamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe mapema, na uthamini ukipita miaka 2 bila malipo hurudiwa upya. Mwambie mgombea huyo kwamba unataka asimamie hilo barazani, hasa katika kamati inayoshughulikia mipango miji. Jiji hili lilijipatia mapato makubwa kwa kuuza viwanja, na panapokuwa na mapato ya namna hiyo ndipo diwani mkimya huwa ghali kwa wenye mashamba.

Wakati huohuo usisubiri uchaguzi. Nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri ukaombe kuona mchoro wa eneo lako, uulize kama umeidhinishwa na kama kampuni ile ina kibali cha kupima hapo. Nenda na mwanao au jirani anayesoma vizuri, na ubebe karatasi yoyote uliyonayo ya shamba, hata kama ni risiti ya zamani ya kuuzia zabibu. Bikoni usizing'oe, mzee, hata kama zinauma machoni, kwa sababu kuzing'oa ni kosa na litageuzwa dhidi yako. Zipige picha, uhesabu mizabibu iliyo kati yao mstari kwa mstari, na uandike hesabu hiyo mbele ya mwenyekiti wa mtaa naye aweke sahihi na muhuri.