Wasomaji Wanauliza: Harambee Kwanza au Kurekodi Kwanza?

SWALI: Ndugu Mhariri, kwaya ya parokia yetu huimba muziki wa nota kwa sauti nne, tukichanganya nyimbo za Handel na Mozart na za watunzi wetu wa nyumbani. Tunakusudia kurekodi albamu mpya, na kamati imependekeza chakula cha hisani hotelini, aje mgeni rasmi, tuendeshe harambee, kisha fedha hizo zitupeleke studio. Je, utaratibu huu unafaa, na nyimbo hizo za kale zinahitaji kibali?
Mweka hazina wa kwaya, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu mweka hazina, hafla yenyewe haina kosa, kosa ni kuitanguliza. Kinachotangazwa na mshehereshaji katika harambee zetu kwa kawaida ni ahadi, na ahadi iliyotolewa usiku ule, watu wakiwa wameshiba na mgeni rasmi akitazama, hukusanywa kwa taabu kubwa mwezi unaofuata, ilhali mwenye ukumbi na mpishi hawapokei ahadi. Niliwahi kukaa katika kamati iliyosomewa jumla nono jukwaani, na miezi mitatu baadaye tungali tukiwapigia simu walioahidi, huku mwenye viti tulivyokodi akitupigia sisi.

Kwa hiyo rekodini nyimbo mbili au tatu mapema kwa michango yenu wenyewe, ili wageni wasikie kitu wanachoombwa kukichangia. Wala msikimbilie studio. Studio nyingi za mjini ni vyumba vidogo vilivyotengenezwa kwa mwimbaji mmoja mmoja, ilhali sauti ya tatu haiwezi kukaa mahali pake bila kuisikia ya nne ikiimba pembeni yake. Kanisa lenye dari refu, fundi makini na maikrofoni mbili nzuri zilizosimamishwa mbele ya kwaya, juu kidogo ya vichwa, vitawafaa zaidi. Adui wenu atakuwa kelele. Zimeni mapangaboi yote (mwezi wa Januari hiyo ni adhabu, najua), anzeni baada ya saa nne usiku daladala zikipungua, zungumzeni mapema na vijana wa kijiwe cha bodaboda, na akina mama wavue bangili, maana mlio mdogo ambao Jumapili hausikiki, kwenye maikrofoni hulia kama kengele.

Kuhusu kibali, Handel alifariki mwaka 1759 na Mozart 1791, hivyo nyimbo zao hazina tena wa kudai haki. Lakini tafsiri ya Kiswahili au mpangilio mpya mnaoutumia huenda una mwenyewe. Wanaosahaulika hasa ni watunzi wetu, ambao nota zao hutolewa nakala juu ya nakala hadi jina lililokuwa juu ya ukurasa linakatika. Mtafuteni kila mtunzi, mkubaliane kwa maandishi, kisha waulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, kuhusu taratibu zilizobaki.

Kwa kuwa mnamwimba Handel, kumbukeni kwamba Messiah, utungo wake mkubwa wa kwaya, iliimbwa kwa mara ya kwanza Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, kwa ajili ya hisani. Watu waliingia kwa tiketi. Wanawake waliombwa waje bila fremu za kutanulia magauni na wanaume bila panga, ili ukumbi uchukue wengi zaidi, na sehemu ya mapato ikawatoa gerezani wafungwa 142 wa madeni. Nanyi uzeni kadi kabla ya siku yenyewe, mtumie ukumbi wa parokia badala ya hoteli, na sambusa na chai zitatosha kwa watu waliokuja kusikiliza. Mshehereshaji naye apewe karatasi mbili: jumla atakayoisoma iwe ya fedha zilizokwisha kuingia benki, na ahadi zisomwe peke yake, kila moja na tarehe ya kulipwa.