Injini inagonga ti-ti-ti ikiwa silensa: usikubali ifunguliwe kabla haijasikilizwa

Mkuu, umesema Spacio yako yenye injini ya 1NZ inapiga ti-ti-ti asubuhi ikiwa silensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, ukikanyaga mafuta mlio unakimbia pamoja na injini, na fundi wa hapo Masasi amekwambia tapeti (vikombe vinavyosukuma valvu) zimekufa, utafute injini nyingine. Subiri kwanza. Usitoe hela ya injini kwa kelele ambayo hakuna aliyeipima. Mimi nina IST yenye injini hiyohiyo, naitumia Mtwara mjini na njia za Tandahimba na Newala, na mlio wa namna hiyo uliisha kwa gasketi moja ya ekzosi.

Anza na oili. Egesha pa tambarare, zima, acha dakika chache ishuke, chomoa stiki, ifute, irudishe, uchomoe tena. 1NZ inachukua lita 3.7 ukibadilisha pamoja na filta, kwa hiyo ikipungua lita moja tu umeshapoteza zaidi ya robo. Watu wanatoka Dar hadi huku kwetu, zaidi ya kilomita 500, stiki haijaguswa tangu sevisi iliyopita. Ikiwa chini, jaza usikilize tena. Lakini taa ya oili ikiwaka, zima gari palepale, hata kama uko porini. Hiyo ni presha imeshuka, na ukilazimisha kufika unakula metali za krenki, yaani beringi zinazobeba shafti kuu ya injini.

Kuna ushauri wa "weka oili nzito kelele ipotee". Kataa. Oili nzito inachelewa kupanda juu asubuhi, na VVT-i, mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, inafanya kazi kwa oili inayopita kwenye vitundu vyembamba. Mlio unaweza kupoa kidogo, ila ugonjwa uko palepale na sasa huusikii vizuri.

Halafu hizo tapeti. 1NZ haina tapeti za haidroliki. Ina vikombe vya chuma tupu vinavyosukumwa moja kwa moja na kamshafti, shafti inayofungua valvu, kwa hiyo dawa ya chupa ya kusafisha tapeti haina cha kusafisha hapo. Nafasi inayotakiwa injini ikiwa imepoa ni milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa kuingiza hewa, na 0.25 hadi 0.35 upande wa ekzosi. Anayesema tapeti zimekufa awe amefungua kava la juu na kupitisha vibati vya kupimia. Kama hajafanya hivyo, anabahatisha kwa pesa yako. Na hata nafasi ikizidi, kinachobadilishwa ni kikombe husika kwa chenye unene unaofaa. Kazi hiyo inataka kamshafti zitolewe na cheni irudishwe kwenye alama zake sawasawa, kwa hiyo mpe fundi anayeijua. Bado siyo sababu ya kununua injini.

Sasa sikiliza. Chukua bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini sikioni, mikono na nguo mbali na mkanda na feni. Gusa injekta, vile vinavyopuliza petroli kwenye kila silinda, moja baada ya nyingine. Zote zinapiga tiki-tiki nyepesi, na zikilia sawa zote nne ni kawaida yake, ziache. Pita kwenye kava la juu, kisha upande wa cheni. Kwa ekzosi bisibisi haikusaidii sana. Tumia kipande cha mpira wa bomba, upande mmoja sikioni, mwingine uutembeze karibu na maungio bila kugusa. Pakivuja utasikia pumzi, puf-puf-puf, inakupiga sikio kabisa.

Kilichonifanya nishuku ekzosi ni joto. Asubuhi ilikuwa inapiga mpaka jirani anageuka, lakini nikitoka mjini, nikifika Mikindani iko kimya. Chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba ufa. Kipimo kilichomaliza ubishi ni hiki: injini ikiwa bado ya baridi na inanguruma, chomoa soketi ya injekta moja, sikiliza, irudishe, nenda ya pili. Nimependa injekta kuliko koili kwa sababu ukichomoa koili ya plagi petroli isiyoungua inakwenda kuharibu katalisti, kichujio cha moshi kwenye ekzosi. Nilipofika silinda namba 2, mlio ukakatika. Silinda ikiwa haichomi, hakuna moshi wa kutoka kwa nguvu kwenye ufa. Tapeti isingenyamaza, maana kamshafti inaendelea kuisukuma hata silinda isipochoma. Angalizo: kama sauti ni nzito, inatoka chini, na nayo inapungua ukichomoa, huenda ni metali ya koni-rodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki. Hapo usiendeshe, vuta gari.

Tulipotoa bati la kukinga joto, masizi meusi yalikuwa yamechora mstari kwenye ungio la silinda ya 2. Nati zilikuwa na kutu, hewa ya chumvi ya pwani hii haina huruma na chuma. Fundi alizilowesha dawa ya kutu jioni na kuziacha hadi asubuhi. Msisitize wako afanye hivyo, kwa sababu stadi (boliti inayoshika nati) ikikatikia kwenye hedi ya alumini, kazi ya gasketi inageuka kazi ya kutoboa. Aweke rula kwenye uso wa manifodi, bomba la kwanza la ekzosi linalofungwa kwenye hedi, aone kama imepinda, afunge gasketi mpya, na akaze kuanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo kwa zamu.

Usiseme ni kelele tu. Ufa ukiwa kabla ya sensa ya oksijeni, hewa inaingia, sensa inadanganyika na ulaji wa mafuta unaweza kupanda. Moshi nao unaweza kuingia ndani mlimo watoto.

Kesho usiwashe gari mpaka uwe na mpira na bisibisi mkononi. Ukishachomoa injekta zote nne, andika hapa silinda gani ilibadilisha mlio na kama unapotea ikipata moto.