Je, waliowaficha watoro wa Rabai walitenda dhambi?

SWALI: Mchungaji, mama wa bibi yangu alikuwa mtumwa mtoro aliyepokelewa misheni ya Rabai, karibu na Mombasa. Nyumbani hatumtaji. Sasa mhubiri mmoja amefundisha kwamba waliompokea walitenda dhambi, kwa kuwa Paulo alimrudisha mtumwa Onesimo kwa bwana wake Filemoni, na Warumi 13 inaamuru kutii mamlaka. Tangu siku hiyo sina raha.

JIBU: Binti yangu, hawakutenda dhambi, na nasikitika kwamba umekoseshwa usingizi na mtu aliyeusoma waraka wa Filemoni nusunusu. Paulo hakumfunga Onesimo kamba. Alimtuma na barua, akitaka apokewe kama "zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa", na deni lake lolote liandikwe juu ya Paulo mwenyewe. Anayeutumia waraka huo dhidi ya Rabai atuonyeshe kwanza bwana wa shamba aliyekuwa tayari kumketisha mtoro mezani pake. Isitoshe, Kumbukumbu la Torati 23:15-16 inakataza waziwazi kumrudisha kwa bwana wake mtumwa aliyekukimbilia. Inaagiza akae mahali apendapo, wala asionewe.

Kuhusu Warumi 13, mamlaka haziwezi kuhalalisha alichokikataza Mungu. Rahabu wa Yeriko aliwafunika wapelelezi wa Israeli kwa mabua ya kitani darini huku wajumbe wa mfalme wakiwatafuta, na Waebrania 11 inamhesabu miongoni mwa watu wa imani.

Wala usidhani kwamba waliowahifadhi watoro walikuwa Wazungu peke yao. William Jones, kiongozi wa kanisa la Rabai, mwenyewe alitekwa utumwani utotoni, akakombolewa na kulelewa Bara Hindi. Aliwapokea watoro ilhali chama chake cha misheni kiliwataka watu wake wasiwapokee. Mwaka 1888 watoro waliokuwa katika vituo vya misheni walifikia kama 1,400, na Januari 1, 1889 walipewa hati za uhuru, baada ya George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza kupatana na mabwana wao juu ya fidia. (Fidia hiyo ilimwendea aliyefaidi jasho, si aliyelitoa. Hilo ndilo ningependa mhubiri wako alikemee.)

Lakini lililonigusa zaidi ni kwamba nyumbani hamumtaji. Aibu ya utumwa ni ya aliyemuuza, si ya aliyetoroka usiku asijue atakakolala. Waulize wazee wenu jina lake wangali hai, uwatajie watoto wako pasipo kushusha sauti. Ukilipata, niandikie, tumshukuru Mungu kwa ajili yake ibadani.