Kwa nini kipimo kipya cha malaria hakifiki zahanati haraka

Ndugu, umeuliza kwa nini kipimo cha malaria kilichofaulu maabara ya chuo kisiuzwe mara moja hapa Kisumu. Kufaulu maabara ni mwanzo tu. Kipimo kinahitaji idhini ya kamati ya maadili na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, halafu wagonjwa wenyewe: damu ya mtu mmoja hupimwa kwa kipimo kipya, kisha husomwa kwa hadubini na mtaalamu asiyejua jibu la kwanza. Hapo ndipo muda mwingi unaenda, na ni sawa kabisa. Kuna vimelea visivyotoa protini ya HRP2, ambayo vipimo vingi vya haraka huitegemea. Kipimo kikivikosa, mtoto anaweza kurudishwa nyumbani na malaria yake! Baada ya hapo, faili huenda Bodi ya Famasia na Sumu, ambayo ndiyo huruhusu kiuzwe.