Jibu: Ni kweli "Creep" ilidoda mwanzoni?

Ndugu, umeuliza kama ni kweli "Creep", wimbo wa Radiohead, bendi ya roki ya Uingereza, ilidoda ilipotoka. Ni kweli kabisa. Ilitoka Septemba 1992 ikiwa singo yao ya kwanza, na kwao Uingereza iliishia nafasi ya 78 kwenye chati ya singo. BBC Radio 1 waliiona inahuzunisha mno. Walioinyanyua ni wasikilizaji wa redio Israel, kisha vituo vya California. Ilipotolewa upya Uingereza mwaka 1993 ikapanda hadi nafasi ya 7.

Mimi kinachonikaa moyoni ni ile mikwaruzo ya gitaa kabla ya kiitikio. Mpiga gitaa wao, Jonny Greenwood, hakupenda wimbo ulivyo mpole, akazichapa nyuzi ili auvuruge, na huko kuuvuruga ndiko kulikoupa uhai. Usikilize kwa spika nzuri, sauti juu: Thom Yorke anaimba kwa unyonge, mara kishindo kinaingia kama mtu anayevunja mlango.

Halafu Albert Hammond na Mike Hazlewood wametajwa kuwa watunzi wenza, kwa kuwa wimbo unafanana na "The Air That I Breathe" walioutunga wao. Utafute huo nao, uupige baada ya "Creep".