Mirija-nano ya kaboni kwenye elektrodi: kwa wanaoanza maabara Dodoma

Kabla ya kupaka mirija-nano (vijimirija vyembamba mno vya kaboni), pima elektrodi ikiwa tupu. Sugua uso wake wa kaboni-kioo (kaboni ngumu inayong'aa) kwa unga wa alumina wa mikromita 0.3, kisha 0.05, ukizungusha kwa umbo la namba nane, halafu isuuze. Itie kwenye ferisianidi ya potasiamu milimola 5 kwa lita, ndani ya kloridi ya potasiamu mola 0.1 kwa lita. Kwa mililita 100 ni gramu 0.165 na gramu 0.746. Tumia maji yaliyokenekwa. Ya bomba, hata yakiwa ya visima vya Makutupora tunayokunywa kila siku, yana chumvi zake.

Endesha voltametria ya mzunguko, yaani pandisha na kushusha volti huku ukipima mkondo, kwa milivolti 50 kwa sekunde. Vilele viwili vya mkondo vikiachana milivolti 60 hadi 80, endelea. Vikizidi 100, sugua upya.

Sasa tawanya miligramu 1 ya mirija kwenye mililita 1 ya dimethilformamidi, dakika 30 kwenye mashine ya ultrasoniki. Dondosha mikrolita 5 juu ya elektrodi ya milimita 3. Ethanoli inashawishi kwa kuwa hukauka upesi, lakini kiangazi cha hapa huikausha upesi mno: mirija hukimbilia ukingoni na katikati hubaki wazi. Kaushia kwenye kabati la kutolea mvuke, ikiwa imefunikwa kwa bika na kuachwa upenyo, maana vumbi la Julai halibishi hodi. Unga mkavu wa mirija usiupime bila barakoa inayofaa.

Ukipima tena, vilele vitakaribiana. Hapo ndipo wengi huandika haraka kwamba mirija imeharakisha uhamaji wa elektroni. Usiandike bado. Tabaka lenye vinyweleo hunasa myeyuko ndani yake, na myeyuko ulionaswa hauhitaji kusafiri mbali kufika kwenye kaboni. Hilo peke yake hukaribisha vilele. Rudia kwa milivolti 10, 25, 50, 100 na 200 kwa sekunde. Mkondo wa kilele ukifuata kipeuo cha pili cha kasi, ni usambaaji wa kawaida. Ukifuata kasi yenyewe, unapima myeyuko ulionaswa au ulionatia.

Vilele vikififia, kagua kwanza gundi, kama umeitumia kushikiza mirija. Nafioni, mojawapo ya gundi hizo, ina chaji hasi, nayo huisukuma ferisianidi. Mirija iliyochemshwa kwenye asidi ya nitriki huwa na tabia hiyohiyo kwa kiasi.

Ukihamia kwenye haidrazini au peroksidi ya haidrojeni, shuku kwamba mkondo unatokana na chuma na nikeli zilizobaki tangu mirija ilipotengenezwa. Pima pia elektrodi iliyopakwa unga wa grafiti. Usipake elektrodi gundi tu ukaita hiyo kipimo linganishi.